Maji Niliyomwagia Mndimu

Kwenye benchi lililo nje ya chumba cha mashine za kusafisha damu, watu hawaanzi kwa kuulizana majina. Wanaulizana, "Wewe umeruhusiwa vikombe vingapi?"

Siku yangu ya kwanza sikulielewa swali hilo. Mzee Mutiso, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma kabla figo hazijamshinda, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na taulo shingoni. Akanieleza kwa vidole: yeye vikombe vitatu vya maji kwa siku, chai ikiwemo, mchuzi ukiwemo. Nilipotoka kwa daktari nilikuwa nimepewa viwili.

"Karibu jangwani," akaniambia, akasogea nipate pa kukaa.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyeketi kwenye benchi kama lile leo, na zaidi kwa yule ambaye bado hajafika huko na anaweza kugeuza njia. Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la saba. Tangu hapo nimechimba mitaro, nimepaka rangi, nimetengeneza saa za mkono, nimelinda ghala la mchele. Sijawahi kumaliza miaka miwili mahali pamoja. Hakuna aliyekuwa akinifukuza. Nilikuwa tu nataka kujua kuna nini mlango wa pili. Hamu hiyo ilinipa maisha ya kupendeza, na hamu hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Mzee Mutiso.

Jina langu ni Simiyu. Kwetu Bungoma, jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Dada yangu mkubwa ni Nafula, mtoto wa mvua. Tunaishi Makongeni, kwenye nyumba tuliyokulia baba alipokuwa akifanya kazi reli. Nafula ni karani katika ofisi ya kaunti. Tangu mama afariki, yeye ndiye huamka kwanza, na kila asubuhi kabla sijatoka alikuwa akinijazia chupa ya lita moja na nusu, maji yaliyochemshwa, na kuitia mkobani mwangu.

"Irudi tupu," alikuwa akisema.

Na ilikuwa ikirudi tupu. Nitafika huko.

Mwaka niliougua nilikuwa napiga pasi mapazia mtaa wa Eastleigh. Duka lilikuwa chini, la mama mmoja tuliyemwita Mama Hamdi, na chumba cha pasi kilikuwa juu kabisa, ghorofa ya nne, moja kwa moja chini ya mabati. Pasi zilikuwa nne, za mvuke, na dirisha lilikuwa moja, tena la kioo kisichofunguka. Pazia likishashonwa chini hupandishwa kwetu, tunalinyoosha, tunalikunja, linashuka. Januari na Februari chumba kile kilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Ungetoka kwenye ngazi, ukalakiwa na joto kabla hujaona mtu.

Jirani yangu mezani alikuwa Bashir, mzaliwa wa Eastleigh, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Ndiye aliyenifundisha kupiga pasi pazia la hariri bila kuliacha linang'aa.

Mwishoni mwa Januari akaja mwanafunzi wa chuo kikuu, Makena, akiomba ruhusa ya kupima joto la mahali tunapofanyia kazi. Alileta kigoda cha miguu mitatu chenye vipimo vitatu. Kimoja kilikuwa cha kawaida. Cha pili kilivishwa kitambaa kibichi, kama mtoto aliyefungwa bendeji. Cha tatu kilikuwa ndani ya mpira wa shaba uliopakwa rangi nyeusi, mkubwa kuliko chungwa. Niliupenda mpira ule siku ileile. Nilimuuliza Makena maswali hadi Bashir akasema, "Dada, ukimjibu huyu utalala hapa."

Makena alinijibu yote. Mpira mweusi unakamata joto la bati na la pasi, ambalo kipimo cha kawaida hakilioni. Kitambaa kibichi kinaonyesha kama jasho linaweza kukauka. "Hapa kwenu mvuke ni mwingi," akasema. "Jasho linatoka lakini halikusaidii."

Kwa kuwa nilionyesha hamu, aliniomba nisome vipimo kila saa na kuandika kwenye karatasi. Tena akatuachia kadi ya hatua saba. Moja ni baridi sana, nne ni katikati, si baridi si joto, na saba ni joto sana. Kila saa kila aliyekuwa chumbani ataje namba yake, nami niandike kwenye safu yake.

"Namba za mashine ninazo," Makena akasema. "Lakini mashine haiumwi. Nahitaji na zenu. Mwisho nitampelekea mwenye jengo, labda atafungua paa kidogo, atoe hewa."

Wiki za kwanza niliandika ukweli. Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Watu watatu kati ya wanne mle chumbani walikuwa wamefunga. Mimi peke yangu sikuwa. Siku ya pili ya mfungo, saa tano asubuhi, nilifungua chupa yangu, nikanywa mafunda matatu, nikasoma mpira mweusi, nikaandika saba kwenye safu yangu. Bashir alikuwa akichungulia begani kwangu.

"Wacha! Wewe unayekunywa maji unaandika saba? Sisi tuliofunga tuandike ngapi? Kumi na nne?"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Ulikuwa mzaha, na nikikutana na mtu anayedhani Bashir alinidhuru, nitambishia. Lakini nilirudisha chupa mkobani, na sikuitoa tena mbele yao.

Mama Hamdi aliligundua hilo kabla ya mtu yeyote. Alipanda siku moja kuulizia oda, akaniangalia midomo.

"Simiyu, kwani umesilimu bila kuniambia?"

"Hapana, Mama. Ni heshima tu."

"Heshima ni kutokula biriani mbele yangu. Maji kunywa. Saumu hii Mungu hakukuandikia wewe."

Niliitikia, "Sawa, Mama," kisha sikunywa. Ningeweza kutoka hadi kwenye ngazi nikanywa huko. Siku mbili za kwanza nilifanya hivyo. Halafu ile hamu yangu ikaamka. Nikajiuliza: hawa wanaweza, mimi je? Mwili unafika wapi? Kila saa nilikuwa nasoma vipimo, na nikajifanya kipimo cha nne.

Kosa langu, ambalo nimelichambua mara nyingi nikiwa nimelala na mirija shingoni, lilikuwa hili: niliiga nusu ya saumu. Wenzangu walikuwa wakiamka alfajiri na kula daku, wakinywa maji ya kutosha kabla ya adhana. Na kuanzia saa sita hadi saa tisa Mama Hamdi aliwaruhusu washuke msikitini na kupumzika. Mimi sikula daku. Na wao walipokuwa wakishuka, niliwaambia, "Nendeni mkalale. Mimi ni mtoto wa kiangazi." Nilibaki na pasi mbili, ya kwangu na ya Bashir, nikizibadilisha moja ikipoa. Jioni niliketi nao kwenye futari, tende tatu na glasi ya juisi ya ukwaju, nikahesabu kwamba nimelipa deni la mwili.

Na kwenye kadi niliandika nne. Saa sita, nne. Saa saba, nne. Saa nane, mpira mweusi ukiwa umepita arubaini, nne. Ningeandikaje saba wakati waliofunga hawalalamiki?

Nikifika Makongeni, chupa ilikuwa bado imejaa. Nafula alikuwa na kazi za ziada ofisini siku hizo, akirudi baada yangu. Mlangoni alikuwa na mndimu alioupanda kwenye pipa kuukuu, mti mfupi, wa kimo cha kifua. Nilikuwa nikifungua chupa na kuumwagilia maji yote, kisha naingia ndani na kuiweka chupa tupu juu ya meza. Naye akija anaiona, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifanya hivyo siku tisa au kumi. Katika yote niliyowahi kumfanyia dada yangu, na ni mengi, hili ndilo linalonikaba.

Dalili zilikuwepo. Misuli ya mapaja ilikuwa ikikaza nikiwa nimesimama. Mkojo ulipungua, ukawa rangi ya chai isiyo na maziwa. Kichwa kiliuma kuanzia kisogoni. Nilivitazama vitu hivi kwa mshangao wa mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Siku nilipoanguka nakumbuka pazia jeupe. Nakumbuka niliona alama ya pasi juu yake, ya kahawia, ikizidi kuiva, na nikajiuliza ni nani mjinga aliyeacha pasi pale. Yaliyofuata nilisimuliwa na Bashir. Alirudi kutoka msikitini akanikuta nimeshika ukuta, nimekauka bila tone la jasho, namsemesha kwa Kibukusu cha kwetu na kumwita baba. Walinilaza kwenye pazia lilelile lililoungua, wakalishika pembe nne, wakanishusha ghorofa nne. Chini Bashir alifungua mkoba wangu kutafuta simu. Akaipata chupa, imejaa hadi shingoni. Alinimwagia yote kichwani na kifuani.

"Nilipoiona imejaa," aliniambia baadaye, akiwa amesimama kando ya kitanda changu hospitalini, kofia mkononi, "nilikumbuka ule mzaha wangu. Ndugu yangu, si ungenitukana tu?"

Nilimwambia aniombee msamaha kwa Mama Hamdi kwa ajili ya pazia lile. Akasema Mama Hamdi ametuma uji na salamu, na amesema pazia litazikwa kwa heshima. Tulicheka kidogo, nikaumwa mbavu.

Figo zangu zilikuwa zimelala. Hivyo ndivyo daktari alivyotuambia, na neno hilo lilinifaa, maana kilicholala kinaweza kuamka. Swali lilikuwa kama zitaamka au la. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, niliunganishwa na mashine kwa saa nne. Hakuna aliyetaka kuniahidi. "Tutaangalia mkojo," walisema. Nafula akanunua jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia, na maisha yetu yakawa yanazunguka jagi hilo. Asubuhi ya kwanza halikufunika hata mstari wa chini.

Miguu ilivimba hadi viatu vya baba, vilivyokuwa vikinipwaya, vikanibana. Ngozi iliwasha pasipo upele. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Na kiu! Mvua za masika zilichelewa mwaka huo, Machi yote ilikuwa jua tupu, na mimi nilikuwa na vikombe viwili. Nafula alivichora kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye chupa ileile ya lita moja na nusu: mistari miwili chini, mmoja wa asubuhi, mmoja wa jioni. Nafasi iliyobaki juu ya mistari ilikuwa kubwa sana. Nilikuwa naikodolea macho. Maji yale niliyoumwagilia mti yangenitosha karibu mwezi mzima.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nikiwa kwenye mashine, wauguzi wanapangusa nyuso kwa joto na mimi natetemeka kwa baridi. Chumba ni kimoja, hewa ni moja. Kwenye kadi ya Makena wao wangetaja sita, mimi ningetaja mbili. Nilielewa hapo kwa nini alikuwa akituuliza wenyewe, hakuishia kwenye mpira mweusi. Kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye hakuwahi kuuliza kwa nini nataka blanketi mwezi wa Machi. Alikuwa akinifunika hadi kidevuni na kuondoka. Wema wa namna hiyo unakaa.

Na Mzee Mutiso alinifundisha mbinu za jangwani. Sukutua, tema. Gandisha maji yako, unyonye barafu polepole. "Na ndimu," akasema. "Kipande chembamba ulimini, mate yanakuja yenyewe. Nyumbani una ndimu?"

"Tuna mti," nikasema.

Jioni hiyo nilimwomba Nafula anichumie ndimu. Alitoka, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji kuchuma ndimu. Aliporudi alikuwa na ndimu moja iliyosinyaa kama goti la mzee.

"Mti umekauka," akasema. "Umepukutisha majani yote."

"Ni jua."

"Jua lilikuwepo Februari. Februari ulikuwa umenawiri, nikashangaa. Mimi siumwagilii kila siku, maji tunayapata kwa taabu." Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaigeuzageuza ile ndimu. "Umeanza kukauka ulipolazwa, Simiyu."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakipigana kwa maneno juu ya mpira.

"Nilikuwa nikiamka kukuchemshia maji yale," akasema.

"Najua."

"Nikija nikiikuta tupu nilikuwa nalala vizuri. Unaelewa? Nilikuwa nikijiambia, angalau hilo moja analisikia."

Hakulia, na hakupaza sauti. Alikwenda jikoni, akaikata ile ndimu vipande vyembamba, akaniletea kwenye kisosi. Kwa wiki mbili hivi alinihudumia kama karani anavyomhudumia mwananchi dirishani: kwa usahihi, bila neno la ziada. Alikuwa amemaliza siku zote za likizo kunipeleka hospitali, na bosi wake alikuwa ameanza kumwandikia barua. Ningeweza kuvumilia matusi. Usahihi ule ulinivunja.

Wewe unayeuguzwa, sikia: mwambie anayekuuguza ukweli mapema, kabla mti haujamwambia.

Mvua ilifika katikati ya Aprili. Wiki ya pili ya mvua jagi lilifikia mstari wa kwanza. Nafula alilishika dhidi ya mwanga wa dirisha, akaniita kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Februari, "Simiyu! Njoo uone!" Watu wawili wazima, tumesimama tukishangilia mkojo. Hapo ndipo aliponisamehe, nadhani, ingawa hatukulitamka. Mei nikapunguziwa mashine ikawa mara moja kwa wiki. Julai, kwenye ile baridi ya mawingu, wakaichomoa mirija shingoni na kuniambia nisirudi isipokuwa kwa vipimo. Siku hiyo nafasi ya Mzee Mutiso kwenye benchi ilikuwa imekaliwa na mtu mwingine. Niliuliza. Muuguzi wa blanketi alitikisa kichwa tu.

Figo zangu hazikurudi zote. Nimekatazwa kazi ya moto na ya jua kali maisha yangu yote, na sasa naambiwa ninywe maji kila saa, nikiwa na kiu au la. Kwa mtu aliyeishi kwa mikono popote penye kazi, milango mingi imefungwa.

Lakini kuna jambo jingine, na hili halina dawa. Agosti nilimtafuta Makena nikamweleza kuhusu zile nne zangu. Alinisikiliza, kisha akaifungua kompyuta yake na kunionyesha. Katika Ramadhani, saa sita hadi saa tisa, saa za joto kuliko zote, safu za wenzangu zilikuwa tupu kwa sababu walikuwa wameshuka. Safu iliyoandikwa ilikuwa yangu peke yake. Nne, nne, nne.

"Mwenye jengo aliisoma karatasi hii," Makena akasema taratibu. "Aliniambia vipimo vinaweza kukosea, lakini mfanyakazi mwenyewe ameandika yuko sawa. Hakufungua paa."

"Zifute, uandike saba. Mimi ndiye mwenyewe."

"Siwezi kuandika leo ulivyojisikia Februari, kaka. Naweza kuitoa safu yako tu. Kisha nipime tena kiangazi kijacho."

Kwa hiyo Bashir na wenzake waliingia kiangazi kingine chini ya bati lilelile. Nilikuwa nimepewa sauti ya chumba kizima, nikaitumia kujisifu.

Februari hii Makena alinipigia simu kwamba amerudisha kigoda chake ghorofa ya nne. Sikuwa nimealikwa kufanya kazi, nilikwenda kuona tu. Nilipanda nikipumzika kila ghorofa. Joto lilinilaki ngazini kama zamani. Ilikuwa saa sita kasoro, Ramadhani imeanza tena, na Bashir alikuwa mezani kwake, amekonda kidogo, pasi mkononi. Mpira mweusi ulikuwa kwenye kona yake.

"Mtoto wa kiangazi!" akasema. "Umekuja kutuchomea pazia lingine?"

Wakanipa kiti. Karatasi sasa aliishika Bashir mwenyewe. Aliniambia wameamua hawashuki wote pamoja. Kila adhuhuri mmoja anabaki, si kufanya kazi, bali kuandika, karibu na mlango, pasi zikiwa zimezimwa. Hakusema ni kwa sababu yangu.

Saa sita ilipofika simu yangu ililia. Ni saa ya maji. Niliizima haraka. Macho ya watu watatu waliofunga yalikuwa juu yangu, na kwa kweli, baada ya yote hayo, bado nilifikiria kutoka niende kunywa ngazini.

Bashir aliweka pasi chini. Alichukua mkoba wangu, akaitoa chupa, ileile, yenye mistari ya Nafula: ya zamani chini, na mipya inayopanda hadi juu, kila saa na alama yake. Aliisoma kama ninavyosoma kipimo.

"Saa sita ni hapa," akasema, akiweka kidole. "Kunywa."

Nikanywa. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilisikia kila funda likishuka, na wao pia walilisikia. Hakuna aliyegeuza uso.

"Haya, mgeni na yeye aandikwe. Namba?"

"Saba."

"Huna hata pasi mkononi unataja saba? Sisi tutaje ngapi?"

Safari hii nilimjibu. "Taja yako, Bashir. Yangu ni saba."

Akaiandika. Kisha akainua chupa kwenye mwanga wa lile dirisha lisilofunguka, akaniangalia.

"Hujafika kwenye mstari," akasema. "Malizia."